Daftari la Noela

Kakola,
17 Septemba 2024

Kwa Mama yangu Paskazia,
Isaka.

Mama, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Mjomba Makoye na wote wa hapo kwake. Goti la kushoto linaendeleaje? Na kifua? Naambiwa Isaka vumbi la malori ni la mwaka mzima, na wewe na vumbi hamjapatana tangu nikiwa mtoto. Unapata usingizi? Unakula? Nauliza kama mtu mwenye haki ya kuuliza, na najua haki hiyo nimeipoteza. Ila wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hata akukosee vipi, salamu humnyimi. Basi nami naanza na salamu.

Sisi huku tupo. Mke wangu Noela anakusalimu sana. Abel ameng'oka meno mawili ya mbele, akicheka anatia huruma, na kila tukipita njia ya Ushirombo, karibu na nyumba yako uliyoiacha, anauliza kama leo tunashuka kwa bibi. Mvua bado, ardhi imekauka. Karasha linasaga mawe ya dhahabu kama kawaida na mimi bado ndiye fundi wake, ingawa siku hizi nakaa zaidi ya ninavyosimama.

Nimepiga simu mara nyingi, Mama. Mjomba Makoye anapokea, akisikia ni mimi anasema kwa adabu kabisa kwamba umelala, hata ikiwa saa nne asubuhi. Simlaumu. Ningekuwa mimi ni yeye ningetukana. Ndiyo maana nimeandika, na nimempa Eliya, jirani yangu anayeendesha Fuso la mchele kuja huko, nikamwapisha akupe wewe mkononi. Halafu kwenye simu nisingeweza. Kwenye simu ningelia au ningedanganya, na kudanganya ndiko nilikokuzoea.

Nitakusimulia yote tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu unayoyajua yameshikana na usiyoyajua.

Unakumbuka Jumapili ile ya Agosti mwaka jana. Nimefika nyumbani watu wanatoka misa, umeshamchinja jogoo mwekundu yule mkorofi, na ukanikaripia kwa nini nimekonda. Kwetu mtoto akitoka machimboni hapewi mchuzi mkavu, ni aibu ya mwenye nyumba. Ukaleta kibuyu cha samli, ukamimina, ukamimina tena, mpaka mchuzi ukang'aa juu. Nikala nikalamba vidole. Haikupita saa moja, tumbo likanishika hapa juu, chini ya mbavu, likapenya mpaka mgongoni kama mtu ananichoma msumari akitaka utokee upande wa pili. Kulala chali sikuweza, kifudifudi sikuweza. Nafuu kidogo niliipata kwa kukaa nimeinama na kukumbatia magoti. Ulinikanda kwa kitambaa cha moto, ukasali rozari nzima, na ulipofika mwisho ukaanza tena.

Tangu siku hiyo likawa linarudi. Wiki mbili kimya, halafu linakuja, natapika mpaka nyongo, siku mbili sili, ya tatu nakunywa uji, ya nne narudi kazini na watu wananiambia nimekuwa fimbo. Nilitibiwa minyoo, nikatibiwa taifodi, nikatibiwa vidonda vya tumbo. Muuguzi mmoja wa zahanati akamshauri Noela jambo la maana. Alisema matumbo mengine yana adui wao, na adui wa tumbo huwa ni chakula fulani. Aandike kila ninachokula na kila siku ninapoumwa, mwisho wa yote adui ataonekana mwenyewe.

Noela unamjua, akiambiwa afagie uwanja anafagia mpaka barabarani. Alinunua daftari la jalada gumu, akachora mistari kwa rula. Tarehe. Chakula. Tumbo. Halafu kwa akili yake akaongeza mstari wa nne: nani kapika. Aliniambia kwamba mimi nala kwa watu wengi, nyumbani, kwa mama ntilie pale karasha, na kwako kila Jumapili, kwa hiyo ni vizuri kujua nani anatia mafuta gani. Nia yake ilikuwa safi. Nakuomba hilo ulishike, maana najua daftari lile limekuumiza kuliko maneno ya watu.

Nilikuwa nikirudi jioni ananiuliza, nami namtajia, anaandika. Ugali na dagaa, kapika Noela, tumbo zima. Maharage, kapika mama ntilie, tumbo zima. Kuku wa samli, kapika Mama, tumbo baya. Wali na kuku, kapika Mama, tumbo baya sana. Ilipofika Kwaresima tulikuwa na maumivu kumi na manne, na kumi kati ya hayo yalitoka kwako. Noela alipohesabu aliliweka daftari chini, akaniangalia. Mimi nikasema labda ni samli. Akauliza mbona samli ile ile uliyomtumia yeye anaipaka kwenye viazi, na yeye na Abel hawajaumwa hata siku moja. Nikamwambia tulale.

Baba Mdogo Jilala alikuja kutusalimia akalikuta mezani. Unamjua naye. Tangu Baba afariki amekuwa akitafuta neno juu yako, kwamba mwanamke asiyezaa amebaki vipi kwenye mji wa kaka yake. Alilisoma lote, kwa kidole, mstari kwa mstari, akaliomba. Noela akampa akidhani anataka kwenda kuuliza dawa. Lo! Kumbe tulimpa panga.

Kikao unakijua, ulikuwepo. Jumamosi baada ya Pasaka, uwanjani kwako mwenyewe, kwenye viti vyako mwenyewe. Jilala alisoma daftari kama anasoma Injili. Alisema hayo si maneno ya mganga wala ndoto ya mlevi, hayo yameandikwa, na aliyeandika ni mke wa mgonjwa. Alisema tena kwamba Denis hanywi pombe, wote tunajua aliapa mbele ya padre, Denis havuti, Denis hana ugomvi na mtu, basi kijana wa namna hiyo anaozaje tumbo? Akasema lisemwalo lipo. Wazee wakaguna. Wakamgeukia mgonjwa, wakaniuliza mimi mwenyewe nasemaje.

Nilisema maneno machache tu, Mama, na nadhani unayakumbuka vizuri kuliko mimi. Nilisema, "Mimi sijui, ila nikitoka kwake ndipo linaniuma."

Ulipoulizwa wewe, hukujitetea. Ulisema ulimpikia mwanao, basi. Ukainuka, ukaingia jikoni, tukasikia unaosha sufuria.

Miaka thelathini watu walikuita Mama Denis. Hukuzaa, na ulinikuta nina miaka minne, kamasi puani, mama yangu mzazi kaburini, na ukalibeba jina langu kama umelizaa. Baada ya kikao kile hakuna aliyekuita hivyo tena. Wakasema yule mama. Wiki ya pili mbuzi wako wawili wakakutwa wamekatwa mapanga na kuachwa mlangoni, na hapo kila mtu alielewa ujumbe. Mjomba Makoye akaja na lori la rafiki yake, ukapakia godoro, sufuria na sanduku lako la vitenge. Mimi nilikuwa Kakola. Nilijua siku unayoondoka, niliambiwa, na nikajitafutia kazi ya kubadilisha beringi za karasha zilizokuwa bado nzima.

Nikadhani yameisha. Aibu gani hii ninayoiandika, lakini ndivyo nilivyodhani: Mama ameenda, watu watatulia, nami nitapata nafasi ya kujirekebisha polepole.

Tumbo halikuhama na wewe. Mei likaniuma mara tatu. Juni mara nne. Jilala akasema unalirusha kutoka Isaka, kwamba kwa mchawi mbali si kitu. Noela aliendelea kuandika, ila sasa kwenye mstari wa nani kapika hakukuwa na jina lako, na nilimwona jioni moja akifunua kurasa za nyuma na za mbele, akilinganisha, kalamu mdomoni. Hakuniuliza. Nilitamani aniulize.

Mwezi uliopita, Agosti, nilianguka pale pale karasha. Wenzangu walinipakia kwenye gari, nikafikishwa hospitali, nikalazwa siku nane. Siku nne za kwanza sikupewa hata tone la maji mdomoni, ni dripu tu na sindano za maumivu. Walinipima damu, wakanipima kwa ile mashine ya kupitisha tumboni na kuangalia kwenye kioo. Daktari alikuwa dada mdogo tu, mpole, akanieleza tena kwa utaratibu. Kuna kiungo kinaitwa kongosho, kimejificha nyuma ya tumbo, kazi yake kutoa maji ya kusagia chakula. Kikichokozwa sana, maji yale yanageuka yanaanza kukisaga chenyewe. Mimi mtu wa karasha nilimwelewa haraka. Mashine ikizungushwa vibaya inakula nyundo zake. Akasema langu limeshapata makovu, makovu hayaondoki, ila nikilitunza naweza kuishi mpaka nikaota mvi, na nisipolitunza nisihesabu mwaka.

Kwa hiyo sasa naishi kwa kulibembeleza. Nimeanza kuandika mwenyewe, na nimejifunza vingi. Nakula kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku kama mtoto anayeachishwa ziwa. Uji mwepesi sawa. Viazi vya kuchemsha sawa, michembe ya viazi vikavu sawa nikitafuna sana. Sato wa kuchemsha na limao, sawa kabisa. Mlenda bila karanga, sawa. Papai sawa. Supu ya utumbo, hapana. Chapati, hapana. Karanga kiganja kimoja nalipia kutwa nzima. Kiti moto nisikitaje. Samli nayo, Mama, sitakuficha, nilijaribu vijiko viwili nikiwa mzima kabisa, ikaniuma, si sana lakini ikaniuma. Kwa hiyo samli ilikuwa na sehemu yake. Lakini samli haikuwa sumu, ilikuwa heshima, na isingefanya kitu kwa mtu ambaye kongosho lake halijachokozwa na jambo lingine.

Sasa nafika kwenye hilo jambo lingine. Nimesimama hapa nimetoka nje mara mbili, nimezunguka nyumba, nimerudi.

Nilikuwa nakunywa, Mama. Sikuwahi kuacha. Niliapa mbele ya padre mwaka ule Noela aliporudi kwao, kwa sababu alisema harudi kwa mlevi, hatazika mume kama wewe ulivyomzika Baba. Niliacha miezi mitano. Halafu Jumamosi moja tukaosha dhahabu nzuri, wenzangu wakaagiza kiti moto na gongo, nikaonja, na Jumamosi iliyofuata sikuonja tena, nilikunywa. Noela nilimwambia Jumamosi nina zamu ya kulala karasha. Asubuhi ya Jumapili natafuna karafuu, napanda bodaboda, nakuja kwako moja kwa moja, nashinda hapo mpaka harufu iishe, jioni ndipo narudi kwa mke wangu nikiwa mtu wa kanisani.

Nyumba yako ilikuwa maficho yangu. Ndiyo maana maumivu yalikuwa ya Jumapili. Ndiyo maana jina lako lilijaa kwenye ule mstari. Noela aliandika kila nilichomtajia, na mimi nilimtajia kila kitu isipokuwa kimoja.

Hilo ni la kwanza, na ningependa liwe la mwisho, lakini si la mwisho.

Ugonjwa huu sikuujua Agosti hii. Niliujua Machi. Katikati ya Kwaresima nilikwenda hospitali peke yangu, sikumwambia mtu, na daktari mwingine, mzee, alinifungia mlango akaniuliza kama nakunywa. Kwa mgeni ni rahisi kusema kweli. Nikamwambia. Akanipima, akaniandikia cheti, akaniambia ni kongosho, akaniambia ni pombe, na mafuta juu ya pombe. Alirudia mara tatu. Nikamwambia Noela kwamba wameona vidonda vya tumbo tena.

Hiyo ilikuwa wiki tatu kabla ya kikao. Siku Jilala anasoma daftari, Mama, cheti kilikuwa kwenye mfuko wa shati langu. Nilikivaa makusudi. Niliondoka Kakola nimepanga kukitoa. Nilipoulizwa nasemaje, mkono ulikwenda mfukoni, nikamwona Noela amekaa na wanawake na Abel mapajani, nikafikiri nikikitoa leo sina mke, sina mtoto, na ukoo mzima utajua Denis ni mlevi kama Baba, Bujiku wa pili. Mkono nikaushusha. Nikasema yale maneno. Nilijua ninachokifanya. Usimruhusu mtu akuambie kwamba nilichanganyikiwa au niliogopa wazee. Nilipima, nikakuweka wewe upande mmoja na mimi upande mwingine, nikachagua.

Kuna kitu kingine kinaniamsha asubuhi na mapema kabla ya majogoo. Pale hospitali nililala kitanda cha jirani na mzee mmoja, mkewe alikuja akamkaripia mbele ya wodi nzima kwamba harufu ile anaijua tangu ujana wake, karafuu haziwezi kumdanganya. Wodi ikacheka. Mimi nikakukumbuka wewe. Mama, wewe uliishi na Baba miaka ishirini na miwili. Ulikuwa unampa mchuzi wenye samli nyingi kila akirudi kilabuni, nilikuona kwa macho yangu nikiwa mdogo, ukisema mafuta hukata pombe.

Ulijua. Jumapili zote zile ulijua. Uliisikia harufu nilipoingia mlangoni, hukusema, ukazidisha samli ili nirudi kwa mke wangu nimetulia. Na siku ya kikao, Jilala aliposema Denis hanywi, ulinitazama. Nikadhani unanilaumu. Kumbe ulikuwa unasubiri kuona kama nitasema mwenyewe. Neno moja tu lako lingekuokoa, ukalimeza, ukaenda kuosha sufuria.

Sijui nikuite nani kuanzia leo. Mama haitoshi, na mimi sistahili kuitamka.

Nilitoka hospitali nikamwambia Noela yote, Jumamosi za pombe, cheti, mfuko wa shati. Nilitegemea atafunga mizigo. Hakufunga. Alisema pombe angeweza kuisamehe siku moja, lakini nimemfanya aandike jina la mama yangu kwa mkono wake, mara kumi, kwa mwandiko mzuri. Kisha akasema twende nyumbani tukaseme. Yeye ndiye aliyenitoa, Mama, nisijisifu. Mwenyewe ningekuwa bado natafuta siku nzuri.

Tulikwenda Jumapili iliyopita. Jilala aliwaita wazee wale wale. Nilisimama nikasema kila kitu nilichokuandikia hapa, nikakitoa cheti, kikapita mkono kwa mkono. Katekista Donatus alikisoma kwa sauti. Nilitegemea watanipiga, na ningeshukuru. Hawakunipiga. Walinihurumia! Jilala alitikisa kichwa akasema mnaona sasa, amemshika mpaka ulimi, mtoto anajitia uchafu ambao hana ili amtetee aliyemfunga. Mzee mmoja akasema karatasi za hospitali zinanunuliwa. Mwingine akauliza mbona alipoondoka yule mama, tumbo likazidi? Nikapiga kelele kwamba nilizidisha pombe kwa sababu ya dhamira. Wakaniambia nikae, nisijichoshe, mimi ni mgonjwa.

Uongo waliuamini kwa maneno machache. Ukweli nimeusema kwa saa nzima na hawautaki. Donatus na mwenyekiti wa kijiji tu ndio walioniita pembeni wakaniambia wameelewa.

Nilitaka barua hii ikuambie rudi nyumbani. Nilikuwa nimeshapanga, nikutengenezee paa, nije na Eliya kukuchukua. Siwezi kukuandikia hivyo. Usirudi, Mama. Hata wakikuita kwa maneno matamu, hata wakisema kuna msiba, usirudi, mpaka nikuambie mimi na Donatus pamoja. Mimi ndiye niliyekutoa kwenye mji wako, na mimi ndiye ninayekuandikia ukae ulipo. Hii ndiyo adhabu ninayoiona kubwa kuliko tumbo.

Pombe nimeacha. Ni siku thelathini na mbili. Najua kiapo changu hakina thamani kwako, sikuapii, nakutajia tu siku.

Sasa nisikilize hapa kwa makini. Sina mpango wa kufa. Lakini daktari amesema makovu yanaweza kuamka hata nikiwa nimekula uji mtupu, na kweli wiki hii limeniuma na sikuwa nimekosea chochote. Siku likinishinda, Jilala hatamsubiri daktari. Atataja jina lako pale pale msibani, na kuna vijana watakaoondoka na mapanga kabla ya mimi kuzikwa, na Isaka si mbali. Safari hii hawatakata mbuzi.

Kwa hiyo nimeandika nakala tatu za barua hii kwa mkono wangu. Moja ni hii yako, ya pili anayo Donatus, ya tatu anayo mwenyekiti, ameigonga muhuri. Itunze vizuri, mpe Mjomba Makoye asome naye ajue. Nikifa, pale wanaposoma wasifu wa marehemu, nimewaagiza wasisome nilizaliwa wapi na nilisoma wapi. Jeneza likiwa bado juu, Donatus asimame asome maneno haya:

Mimi Denis Bujiku niliugua kongosho. Pombe niliinywa mwenyewe kwa mkono wangu, nikamficha mke wangu, nikamsingizia mama yangu Paskazia nikijua hana kosa. Hakuna aliyenilisha kitu. Aliyeniua yumo humu ndani ya sanduku. Asiguswe mtu mwingine.

Mama, msamaha sikuombi kwenye barua hii, maana ukiombwa utautoa, nakujua. Nisalimie Mjomba Makoye, mwambie namheshimu kwa kuniambia umelala. Wasalimie na jirani zako wa huko, Mungu awabariki wanaokula chakula chako. Noela na Abel wanakuamkia. Wabeja sana, mayu, asante kwa yote.

Ni mimi uliyenilea,
Denis Bujiku

Nimeandika nikiwa na akili timamu, na tumbo limetulia. Noela ameshuhudia na kusaini hapa chini.